Nyumba Niliyoiuza Arusha

Watu wa hapa Tanga wakisikia kwamba niliwahi kuuza nyumba bara, hunijia kuniuliza. Juzi amekuja mmoja mwenye kibanda cha makuti kisichozidi chumba na ujasiri. Anataka kukiuza, naye anauliza, "Bibi Arafa, siku ya kumalizana huwaje?" Nami nikamwambia ninayowaambia wote. Tafuta mashahidi wawili wenye akili zao, ukiwapata uniambie umewapata wapi. Mnunuzi atapunguza bei mara tatu: kwanza kwa mdomo, kisha kwa kuguna, na mara ya tatu siku yenyewe ya kwenda bomani, mkiwa njiani. Dalali atakula cha juu hata kama kazi yake yote ilikuwa kutangulia mbele yako akikohoa. Akashukuru, akaenda zake.

Yaliyobaki simwambii mtu. Leo nayasema, kwa kuwa nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Nyumba yangu ilikuwa pembeni mwa mji wa Arusha, unapoteremka kuelekea Ngarenaro. Aliijenga marehemu mume wangu, Salehe, mwaka tuliopanda bara na punda wawili na mizigo ya kaniki, boma la Wadachi likiwa bado linanuka chokaa. Ilikuwa na vyumba vinne, ukumbi katikati, mlango wa mninga, na paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa yakagongwa hadi yakawa bapa. Kwa Tanga ni nyumba kama nyumba. Kwa Arusha ya siku zile ilikuwa jumba, na mwenye jumba nilikuwa mimi, wala sikumwachia mtu asahau.

Nilikaa humo miaka kumi na mmoja na sikuipenda hata siku moja. Mwezi wa sita ukungu ulishuka kutoka Meru ukakaa mlangoni mpaka adhuhuri, nguo hazikauki, mifupa haikauki. Masika tope jeusi lilishika miguu, na kiangazi tope lilelile liligeuka vumbi likaingia kwenye wali. Na watu wake ndio waliozidi. Makaburu na magari yao ya ng'ombe walipita njiani bila kutazama nani yuko mbele. Waarusha walivaa mashuka yanayonuka moshi na samli. Sisi watu wa pwani tulikuwa nyumba chache tu, na nusu ya wenye nyumba hizo walikuwa wapagazi waliojua kanzu juzi, leo wanataka uwaite Mwinyi. Hivyo ndivyo nilivyowaona, na nilisema kwa sauti ya kusikika.

Salehe alipokufa ningeondoka siku ya arobaini, lakini binti yangu Mwanamkuu alikuwa bado hajaolewa, na msichana humzungushi na misafara. Miaka miwili baadaye akapata mume, karani wa forodha hapa Tanga, akashuka pwani. Mimi nikabaki na vyumba vinne na mchwa. Halafu, mwaka ule reli ilipofika Moshi, ikaja barua. Mwanamkuu ni mjamzito, mimba ya kwanza, anatarajia baada ya miezi miwili.

Kila mtu anajua desturi yetu. Mimba ya kwanza ni ya mama mzazi. Binti huzaa mikononi mwa mama yake, na mama ndiye hupokea, huogesha, hukanda, na hukaa naye siku arobaini. Barua ikasema kwamba kama mama yuko mbali, mama mkwe yuko tayari kufanya yote hayo. Yule mama mkwe namjua. Ni mwanamke anayetia chumvi kwenye mchuzi mara mbili kwa kuwa hakumbuki ya kwanza, halafu anakutazama kama kwamba ulimi wako ndio mbovu. Nikasema mjukuu wangu hataguswa na huyo kabla yangu. Lakini sikuwa na kitu kingine duniani ila ile nyumba. Bila kuiuza sikuwa na nauli ya reli, wala kitanda cha kulalia huko nilikokuwa naenda. Basi yote yakawa juu ya mauzo, na mauzo yakawa juu ya watu niliowadharau.

Wa kwanza alikuwa dalali. Alikuja bila kuitwa, kwa maana dalali hunusa mjane anayetaka kuondoka kama nzi anavyonusa embe. Kichwani alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mpaka yanatiririka shingoni. Akazunguka nyumba, akaguna kila pembe, kisha akanifundisha kazi. Nizibe nyufa kwa udongo na majivu, nipake chokaa siku mbili kabla mnunuzi hajaja, kwa kuwa ikipakwa siku hiyohiyo itamchafua nguo naye atashusha bei. Niweke jamvi jipya pale ambapo sakafu ina shimo. Mlango nisiufunge, uwe wazi, ili mtu asione jinsi unavyogoma. Hayo yote nilikuwa nayajua kabla mama yake hajaolewa, lakini nilimwacha aseme ili ajione anafanya kazi.

Mnunuzi aliyemleta ni Omari, fundi cherahani aliyeshona suruali za askari. Kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu kwa kushona, kidole kimoja kimejaa alama za sindano. Akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua au kuangalia?"

"Nimekuja kuangalia kwanza, Bibi, ndipo nijue kama nanunua."

Akatoa mfukoni utepe wake wa kupimia nguo. Wallahi nilidhani anatania. Akapima ukumbi, akapima vyumba, akapima dirisha, akiandika kwa kipande cha chaki kwenye kigae kama vile anaishonea nyumba kanzu. Dalali akacheka, nami nikacheka naye, ndiyo mara pekee tulipokubaliana. Omari hakujali. Alipofika kwenye mlango, akachomoa sindano ya kushonea magunia akaichoma kwenye mwimo, pale pale nilipopaka chokaa vizuri. Sindano ikaingia yote.

"Bibi, hapa pana mchwa."

"Hao ni wa zamani."

Akainama akatazama. "Wanatembea, Bibi."

Nikamwambia kama anatafuta nyumba isiyo na mchwa akanunue ya mawe, aende akamwombe Mdachi boma lake. Akatabasamu, akaandika tena kwenye kigae. Mtu wa namna hiyo anakuudhi zaidi kuliko mwizi, kwa sababu mwizi unaweza kumpigia kelele.

Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na migomba, na katika migomba hiyo alikaa mzee wa Kiarusha niliyemwita Mzee Ugoro, kwa kuwa sikuwahi kumwona bila kipembe cha ugoro shingoni. Ndiye aliyempa Salehe kiwanja. Hakumuuzia. Waarusha hawakuwa na habari ya kuuza ardhi, humpa mtu akae, na mtu huyo anakuwa kama amelazwa chini ya mkono wao. Mpaka wa kiwanja ulikuwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo watu wa Meru wote huipanda mipakani, nayo hawaikati wala hawairuki bila sababu. Kila baada ya mavuno Salehe alimpelekea mzee yule sukari guru, tumbaku na shuka, akakaa kwake kutwa nzima, wakizungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwani Salehe alijua Kimaa, lugha yao, cha kuombea maji tu. Alirudi jioni ananuka kama wao, anacheka peke yake. Nilimwambia, "Wewe mtu mzima, unakwenda kucheza na washenzi." Yeye alisema yule ni rafiki yake.

Salehe alipokufa, mke wa mzee alikuja na kibuyu cha maziwa. Nikapokea, nikashukuru, na alipogeuka nikayamwaga nyuma ya jiko. Vibuyu vyao husuguliwa kwa kijinga cha moto, maziwa yote yananuka moshi. Ile sukari ya kila mwaka nikaikatisha, maana nilikuwa mjane, na sukari haioti. Mzee alikuja mara moja baada ya mavuno akasimama uani. Nikampa chai iliyopoa, kwa mlango wa nyuma, akanywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe. Hakurudi tena. Nikasema nimepumzika.

Sasa Omari, baada ya kupima nyumba yote, alifanya jambo la ajabu. Badala ya kuja kunywa chai yangu tuzungumze bei, alikwenda moja kwa moja kwenye masale, akamwita mzee kwa salamu yake ya Kimaa iliyopinda, wakaanza. Nikawaona wamechuchumaa kila mtu upande wake wa mpaka, wanapeana ugoro. Chai ikapoa. Dalali akala mikate yote. Aliporudi nikamuuliza kama anataka kununua nyumba yangu au anataka kuposa kwa Waarusha.

"Nitakaa jirani naye, Bibi. Nimekwenda kumjua."

"Na umemjua?"

"Kidogo. Ni mtu wa maneno machache."

Bei tukaifikia baada ya siku nne za maneno ambayo sitayarudia. Alipunguza kwa ajili ya mchwa, akapunguza kwa ajili ya paa, nikamwambia akipunguza tena nitaingia kwenye bei mwenyewe anibebe. Tukakubaliana. Tukapanga siku ya kwenda bomani, Jumatano, kwa kuwa Bwana Shauri, Mdachi wa bomani mwenye muhuri, alikuwa anaondoka Alhamisi kwenda safari ya Umbugwe na hakuna ajuaye atarudi lini, na Alhamisi hiyohiyo wapagazi waliokuwa wanateremka Moshi wangeondoka, nami nilikwishawapa mizigo yangu. Jumatano ikipita bila muhuri, mjukuu wangu angezaliwa kwenye mikono yenye chumvi.

Jumanne Omari akaja tena, amekunja kofia mkononi.

"Bibi, nina ombi. Yule mzee anasema kesho kabla ya bomani utupeleke kuzunguka masale. Unishike mkono, tupite kila sale mpaka turudi tulipoanzia. Anasema anayeondoka ndiye anayemkabidhi anayeingia. Ndivyo wanavyofanya wao."

"Wao wanafanya mengi. Wanakunywa na damu."

"Ni kitu cha muda mfupi tu, Bibi."

"Nimekuuzia nyumba, sikukuuzia matambiko. Kesho utapata hati yenye muhuri wa Kaisari. Huo haukutoshi?"

Akakuna kichwa. "Muhuri hautakuwa jirani yangu, Bibi."

Nikamwambia kama anaogopa majani basi akae kwa mama yake. Mimi Arafa binti Hamadi, mwenye jumba, nishikane mkono na fundi cherahani tuzunguke vichakani huku Mzee Ugoro anatutemea ugoro. Akavaa kofia yake, akaondoka. Nilifurahi. Najisikia vibaya kusema hivyo sasa, lakini siku ile nilifurahi, nikala vizuri, nikalala vizuri.

Jumatano nilivaa kisutu kipya na viatu vya ngozi, nikateremka bomani. Tulikaa nje ya ukuta tangu asubuhi pamoja na watu wa kila aina: mwenye kesi ya ng'ombe, mwenye kesi ya mke, Kaburu mmoja aliyesinzia kwenye kivuli chake mwenyewe. Omari alikuwepo na shahidi wake, nami nilikuwa na wangu. Dalali alikuwepo, anang'aa. Na pembeni, amekaa chini na fimbo yake kati ya magoti, alikuwepo Mzee Ugoro. Nikamuuliza Omari huyu amekuja kufanya nini.

"Nimemwomba aje, Bibi. Ikihitajika."

"Haitahitajika."

Tukaitwa karibu na adhuhuri. Bwana Shauri alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, aliyekuwa akisema Kiswahili kizuri kuliko wengi waliozaliwa nacho, na hilo pia lilinichukiza. Karani akasoma hati. Muuzaji fulani, mnunuzi fulani, nyumba ya vyumba vinne, paa la madebe. Nikaambiwa nitatia dole gumba. Nikasema najua kuandika jina langu kwa herufi za Kiarabu, tena vizuri. Karani akasema, "Dole, Mama." Sawa, dole. Kisha karani akafika kwenye mipaka.

"Mashariki?"

"Njia ya Ngarenaro."

"Kusini?"

"Nyumba ya Maria, mke wa mpishi wa misheni."

"Magharibi?"

"Mfereji wa maji."

"Kaskazini?"

"Migomba ya Mwarusha."

Bwana Shauri akainua kichwa. "Huyo ndiye aliyetoa kiwanja?"

"Ndiye, Bwana Mkubwa."

"Jina lake nani?"

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kiburi, ingawa wote waliokuwemo mle walidhani hivyo. Nilikuwa natafuta. Nilikuwa na hakika jina limo kichwani mwangu, kwa kuwa Salehe alilitaja kila mwaka kwenye chakula cha jioni, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nikichambua mchele. Nikatafuta, nikakuta sauti ya Salehe, nikakuta mchele, jina sikulikuta.

"Mzee huyo pale nje," nikasema.

"Wazee nje wako wengi. Jina."

"Sisi tunamwita tu mzee."

Bwana Shauri akafuta pua. "Mwaka huu nimesikiliza kesi tatu za masale, Mama, na moja iliishia kwa mkuki. Sitii muhuri kwenye kiwanja cha mtu asiye na jina. Umekaa hapo muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Nikaona Alhamisi inaniponyoka, nikaona wapagazi wanaondoka na mizigo yangu, na yule mwanamke wa chumvi anakunja mikono ya kanzu. Nikafanya kosa ambalo mtu huwa anafanya akishikwa. Nikakisia. Nikatoa jina nililokuwa nikilisikia sokoni, nikidhani nusu yao huitwa hivyo.

"Lemburis," nikasema.

Mkalimani wa boma, askari mrefu aliyekuwa amesimama karibu na meza, akanitazama kwa upole. "Lemburis ni mimi, Mama."

Wakacheka. Karani alicheka, shahidi wangu mwenyewe alicheka, dalali niliyemlisha mikate alicheka mpaka akashika ukuta. Omari hakucheka. Alifungua mdomo anipe jina, maana alilijua, alilijua tangu siku ile ya kwanza ya kupeana ugoro, lakini Bwana Shauri akainua kalamu.

"Muuzaji ndiye aseme. Mwiteni mzee."

Akaingia. Akasimama mbele ya meza bila kuharakisha, akaegemea fimbo. Sikuwa nimewahi kumwona mahali penye dari. Alionekana mrefu kuliko kule kwenye migomba.

"Jina lako?"

"Meitamei." Alilisema akinitazama mimi, taratibu, kama mtu anavyomwambia mgeni aliyefika leo.

"Unamjua mwanamke huyu?"

Mzee akaanza kusema kwa Kimaa, na alisema kwa muda mrefu. Omari alisema ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliyatoa yote. Sikuelewa hata neno moja. Miaka kumi na mmoja, nilikuwa nimekataa kujifunza hata kuomba maji. Alipomaliza, Lemburis akatafsiri, naye alikuwa mkalimani mzuri, hakuacha kitu.

"Anasema anamjua. Huyu ni Arafa, baba yake ni Hamadi. Alikuja na punda wawili, mmoja alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Siku ya kwanza alilia kwa ajili ya baridi, na mke wa mzee, Nosim, akapeleka kuni. Binti yake ni Mwanamkuu. Alikuwa anatoroka kupitia kwenye masale kwenda kula ndizi mbivu kwa mzee, na mama yake anamchapa. Mume wake ni Salehe, mtoto wa Mbaraka. Alikuwa anavuta ugoro akimficha mke wake. Salehe alipokufa, mzee na watoto wake wawili walikwenda mpaka makaburini, wakasimama nje mpaka Waislamu walipomaliza, kwa kuwa hawakujua kama inaruhusiwa kuingia. Anasema mwanamke huyu hapendi maziwa yao. Hamlaumu, kila mtu na tumbo lake."

Hapo hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Nilitazama viatu vyangu vya ngozi, nikaona tope la Arusha limevishika mpaka juu.

Bwana Shauri akaandika jina la mzee kwenye hati kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akauliza la mwisho, lile ambalo lilikuwa limeshika safari yangu, nauli yangu na mjukuu wangu.

"Mwulize, anakubali mwanamke huyu auze nyumba, mnunuzi akae kwenye kiwanja chake? Anaweza kukataa. Mwambie hivyo, kwamba anaweza kukataa."

Lemburis akamwambia. Nikamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Kama angetaka nimpigie magoti, ningepiga. Nilikuwa tayari kuzunguka masale yote ya Meru kwa magoti. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwomba, nikakumbuka kwamba jina nalijua sasa, nikataka kuanza nalo.

Lakini hakutaka kitu. Alisema maneno machache tu, mepesi, akapangusa ugoro puani kwa mgongo wa mkono. Na wote mle ndani waliojua Kimaa wakacheka kwa pamoja, kicheko ambacho mtu hukizuia kikatoka puani. Askari wa mlangoni akageukia ukuta. Hata Omari alikuwa ameelewa, kwa maana aliinamisha uso kwenye kofia yake.

Lemburis hakutafsiri.

"Amesemaje?" Bwana Shauri akauliza.

"Amesema auze, Bwana Mkubwa."

"Amesema zaidi ya hapo."

Lemburis akakohoa. Akatazama dari. "Amesema auze tu, tena leo. Huyu fundi atamzungusha masale yeye mwenyewe. Amesema wanamngoja aondoke tangu mwaka aliokufa mume wake."

Mzee hakuwa na hasira. Hilo ndilo sijaliweza mpaka leo. Angekuwa na hasira ningejua la kumjibu, kwa maana hasira ni lugha yangu, naisema vizuri kuliko Kiswahili. Lakini alisema kama mtu anavyosema mvua ikikatika ataanika mahindi. Mimi niliyekuwa nikiwadharau siku zote hizo kwa nguvu zangu zote, nikiamka na dharau na kulala nayo, nilidhani wananiona. Nilidhani wanalionea wivu jumba langu. Kumbe walikuwa wananivumilia, kama unavyomvumilia mgeni aliyekaa kupita siku zake, unampisha njia, unaangalia mlango.

Wakanipaka wino. Nikatia dole. Omari akatia lake, mashahidi wakatia, na mzee akatia la mwisho, akachunguza wino kwenye kidole chake kisha akaupaka kwenye fimbo. Muhuri ukagongwa. Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokuja kukitafuta, na kabla ya Alhamisi.

Nje Omari akanifuata. "Bibi, nikusindikize mpaka nyumbani?"

"Kwa nani nyumbani? Nyumba yako hiyo."

"Hata hivyo, Bibi."

Nikamwambia akasindikize suruali za askari. Akasimama njiani na kofia mkononi mpaka nilipokata kona. Alikuwa ananionea huruma, fundi cherahani yule, na huruma yake niliibeba mgongoni mpaka Moshi, ikanilemea kuliko mizigo.

Siku tatu za miguu, kisha gari la moshi, kisha Tanga. Nilifika siku tisa kabla mtoto hajazaliwa. Mama mkwe alikuwa ameshafua nepi na kuchemsha maji ya majani, nikamshukuru nikamwambia sasa apumzike, naye akapumzika kwa shingo upande. Mwanamkuu alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, uso umejaa. Alinishika mikono yote miwili, hakutaka kuiachia.

"Mama, umefika. Hujambo? Nyumba imekwisha?"

"Imekwisha. Imetiwa muhuri."

"Na wao hawajambo? Mzee Meitamei hajambo? Nosim?"

Alilisema jina lile kama anavyosema la babu yake. Nikamwambia hawajambo, wote wazima.

"Walilia ulipoondoka?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na beseni lake, amesimama anasikiliza. Nikamvuta mwanangu miguu nikaiweka mapajani mwangu, nikaanza kuikanda, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuja kuifanya.

"Walilia," nikamwambia. "Walilia sana."